Kuku wa Pili

Mwanangu, ipo asubuhi moja ya ujana wangu ambayo hadi leo haijanitoka moyoni. Nimeamua kukusimulia kwa sababu juzi ulikaa mbele yangu ukaniambia kwamba jambo fulani ni kweli kwa kuwa “watu wote wanasema”. Jibu langu ni refu, nalo linaanza na mtoto aliyekufa.

Tulikuwa tukikaa Temeke, wakati wa utawala wa Mwingereza, miaka michache baada ya vita kuu ya pili. Usiifikirie Temeke unayoijua wewe. Nyumba zilikuwa za udongo na makuti, zimetawanyika kati ya minazi na mihogo, na kila mtu alijua kilichopikwa kwa jirani yake. Mimi nilikuwa nimemaliza shule, nangojea kupelekwa kusomea ualimu, na watu walikwisha kuniita Mwalimu kabla sijamfundisha mtu herufi moja. Jina lile lilinivimbisha kichwa.

Mlango wa tatu kutoka kwetu alikaa Bi Tatu, mjane aliyetoka Kilwa, asiye na mtoto wala ndugu mjini. Kila alfajiri alipika vitumbua na kuviuza barazani pake. Jumatatu moja Omari, mtoto wa jirani yetu Mzee Pazi, mwenye umri wa miaka minne, alikula vitumbua vyake viwili. Adhuhuri akaanza kutapika, na kabla ya magharibi alikuwa amekata roho. Tulipotoka kumzika, Jumanne asubuhi, neno lilikuwa limekwisha kuenea: Bi Tatu ametia kitu. Hakuna aliyesema ameona. Kila mmoja alisema ameambiwa.

Mimi, niliyejiona msomi, nilichukizwa na maneno matupu. Nikasema tusibishane, tujaribu. Hapo nilikuwa na haki, mwanangu, na hapo hapo ndipo nilipopotea. Vilikuwapo nyumbani kwetu vitumbua vitano ambavyo mama yangu alivinunua kwa Bi Tatu Jumatatu ile ile, na ambavyo sasa hakuna aliyethubutu kuvigusa. Nilimwomba jamaa mmoja wa ng’ambo ya barabara anipe kuku, nikamfunga mguu uani kwetu mbele ya watu, nikamlisha kitumbua kimoja. Jumatano asubuhi kuku alikuwa amelala ubavu, shingo imepinda, amekufa.

Nilimshika miguu, nikatoka naye barazani, nikamwinua juu. “Mmeona?” nikasema. Sikuongeza neno, wala halikuhitajika.

“Haya sasa, Mwalimu amethibitisha!” alipaza sauti Shomari, fundi seremala. “Si porojo za kisimani tena hizi. Hii ni elimu!”

Vijana wakaiendea nyumba ya Bi Tatu na kuanza kuvuta makuti ya paa. Jumbe wetu aliwazuia, lakini kwa shida, na kwa ahadi: pasipopatikana la kumtetea, Ijumaa baada ya sala Bi Tatu ataondoka Temeke. Shomari akasema, kwa sauti ya chini ambayo natamani nisingeisikia, kwamba huyo hatatoka kwa miguu yake, na mafuta ya taa yapo. Nilimwona Bi Tatu kwenye upenyo wa mlango. Hakulia, hakutukana. Katika watu wote wale, alinitazama mimi.

Mchana wa siku ile ile alipita Bwana Mifugo na baiskeli yake. Alikuwa mtu wa bara, Mkristo, jina lake Yohana, mwenye mvi na maneno machache, aliyeajiriwa na serikali kukagua mifugo pembezoni mwa mji. Alisimuliwa habari, akataka kumwona kuku. Alimfungua mdomo, akamtazama mkia, akamlaza chini.

“Shikamoo, Bwana Mifugo,” nikasema.

“Marahaba. Ni wewe uliyemlisha?”

“Ni mimi.”

“Na wa pili yuko wapi?”

“Wa pili yupi?”

“Kuku ambaye hakula kitumbua.”

Nikamwambia hapakuwa na wa pili. Alifuta mikono kwa majani. “Basi umejuaje,” akauliza, “kwamba huyu asingekufa hata ungemlisha mtama? Kuku wa ng’ambo ya barabara wanakufa kwa kideri, ule ugonjwa wa kuku, tangu wiki iliyopita. Hukusikia?”

Nilikuwa nimesikia. Hilo ndilo linalonitesa, mwanangu. Nilijua kwamba kuku wa upande ule wanakufa, na sikulitia hesabuni, kwa sababu halikulingana na nilichokuwa nimekwisha kukiamini. Nikaanza kujitetea. Akanikatiza.

“Umeuliza swali, kisha ukajijibu mwenyewe, na kuku ukamfanya shahidi wa uongo. Nyumba ikiungua Ijumaa, wenye kiberiti watakuwa wengi, lakini ufahamu kuni ni zako.”

Ndipo akanifundisha, uani pale, jambo ambalo shule haikunifundisha. Kwa ruhusa ya Jumbe tuliomba kuku wanane kutoka ng’ambo ile ile alikotoka wa kwanza. Nilifumbwa macho kwa kitambaa nikawagawa kwa kupapasa, wanne huku na wanne kule, nisije nikawachagua wanyonge kwa upande mmoja. Wanne walifungwa uzi mwekundu mguuni na wanne uzi mweupe. Wa kundi moja wangelishwa vile vitumbua vinne vilivyobaki vya Bi Tatu. Wa kundi la pili wangelishwa vitumbua alivyovipika mama yangu siku ile, kwa kipimo kile kile, na wote wangekaa tenga moja na kunywa maji mamoja, ili tofauti iwe moja tu. Jumbe peke yake ndiye aliyewalisha, huku mlango umefungwa, akaandika katika karatasi uzi upi ulikula vya nani, akaikunja na kuitia mfukoni. Sisi tuliowaangalia hatukujua.

“Vya mama ni vya leo, na vya Bi Tatu vimelala siku mbili,” nikasema. “Je, hilo si kosa?”

“Ni upungufu,” akajibu. “Lakini upungufu huo ukidhuru, utamdhuru Bi Tatu, hautampendelea. Sasa umeanza kuuliza vizuri.”

“Na wakifa wale wake peke yao?”

Alinitazama machoni. “Basi utasimama mbele ya watu useme hivyo hivyo. Unadhani mimi siogopi? Naogopa. Lakini kama umekwisha kulichagua jibu, usiwasumbue kuku.”

Alhamisi ile ilikuwa siku ndefu kuliko zote nilizoishi. Kila kuku aliyefumba macho, niliinama kutazama kama anapumua. Nilitazama nyuzi mpaka rangi zikanichanganya. Barazani kwa Shomari dumu la mafuta lilikuwa limewekwa mahali ambapo kila mpita njia angeliona. Mama yangu alipeleka maji kwa Bi Tatu, akarudi nayo, mlango haukufunguliwa.

Ijumaa asubuhi watu walijaa uani kwetu. Bwana Mifugo aliwatoa kuku mmoja mmoja na kuwalaza juu ya jamvi. Waliokufa walikuwa watano: watatu wa uzi mwekundu, wawili wa uzi mweupe.

“Nyekundu ndiyo ya mchawi!” akapiga kelele Shomari. “Mnangoja nini tena?” Umati ukasukumana kuelekea barabarani.

“Simameni!” Jumbe akaikunjua karatasi, na sauti yake ilikuwa kavu. “Wa uzi mwekundu ndio waliokula vitumbua vya mama yake Mwalimu.”

Kisha nyuma ya watu mwanamke mmoja akasema polepole, “Kumbe na yeye?”

Nikamwona mama yangu amesimama na sinia mkononi, na watu walio karibu naye wanapiga hatua moja kurudi nyuma. Mama aliyewapikia harusi zao na matanga yao! Hatua moja tu, mwanangu, lakini ilinitosha kujua ni wapi Bi Tatu alikuwa amesimama tangu Jumatano.

“Haya, Mwalimu,” akasema Bwana Mifugo. “Juzi kwa kuku mmoja ulimhukumu jirani. Leo una watatu. Mhukumu mama yako.”

Nikasema kwamba kuku wanakufa kwa kideri, wale wa kitumbua hiki na wale wa kile. Kwamba nililijua hilo na kulificha hata mbele ya nafsi yangu. Kwamba nilichowaonyesha Jumatano hakikuwa ushahidi wa kitu chochote. Watu wakatawanyika mmoja mmoja. Shomari aliliondoa dumu lake bila kumtazama mtu.

Mzee Pazi alibaki. “Basi mwanangu aliuawa na nini?” akauliza.

Nilitamani kumpa jibu lolote. Bwana Mifugo alivua kofia. “Hatujui, mzee wangu,” akasema. “Hata kwa vitumbua hivi, tunalojua ni kwamba kuku hawakutuonyesha ubaya wowote. Kukupa jina la mtu ili upate wa kumchukia, hilo siwezi.”

Jumapili nilikwenda kumwomba radhi Bi Tatu. “Karibu, Mwalimu,” akasema. “Leo umekuja peke yako? Kuku umemwacha wapi?” Alitoa kitumbua, akakimega, akala nusu yake kwanza mbele yangu, ndipo akanipa nusu iliyobaki. Na tangu siku ile hadi alipofariki, miaka mingi baadaye, kila mteja wa kwanza wa asubuhi alimwona akila kwanza ndipo auze. Paa lake tuliliezeka upya. Hilo la kula kwanza sikuweza kumwondolea.

Kwa hiyo, mwanangu, ukisikia kwamba hiki kimeleta kile, tafuta kwanza mahali ambapo hiki hakikuwapo, uone kama kile hakikutokea. Usipime kwa mmoja. Usiwe wewe mwenye kutaka jibu na wewe mwenye kulisoma. Mpe mwingine karatasi aikunje. Lile unalolijua na ambalo halikupendezi, liseme kabla ya mengine yote. Na ukifika mwisho wa ujuzi wako, sema hujui, hata kama anayekuuliza analia. Maneno ya watu yanatisha, lakini mimi naliogopa zaidi jaribio baya, kwa kuwa maneno hutiliwa shaka, na jaribio huaminiwa.

Mungu akujaalie macho ya kuliona hata lile usilolitaka, akupe moyo wa kulisema ungali na nafasi, na asikuonyeshe watu wakipiga hatua moja kurudi nyuma mbele ya umpendaye. Amina.