Profesa Aliyefuatwa Mara Mbili

Shemeji yangu Zulbahri ni profesa wa historia, tena si wa kujipachika. Amesoma Uholanzi, amefundisha mjini Padang mpaka kichwa kikabaki kipara, na mawaziri wamemvisha nishani. Lakini hapa kijijini Koto Limau yeye ni mume wa dada yangu Rosmaniar, basi. Nyumba ni yetu sisi wanawake. Mume huja na begi lake, na wazee wetu husema mume ni jivu juu ya kisiki: ukipuliza tu, halipo.

Alianza kututia wazimu siku ileile ya harusi. Tulimfuata kwao ng'ambo ya mashamba ya mpunga, kwa ngoma na mwavuli wa manjano, na katikati ya njia akausimamisha msafara mzima amhoji bibi mmoja kuhusu daraja la zamani. Daraja! Dada yangu yuko ukumbini, taji linamvunja shingo, bwana harusi anauliza mbao zilitoka msitu gani.

Utafiti wake wote ni kahawa. Kwa nini babu zetu walikunywa maji ya majani ya mbuni na kuzikosa buni? Kwa sababu Waholanzi waliotutawala walizichukua buni zote. Hilo moja, ambalo mimi nimelisema kwa pumzi moja, yeye limemlia ujana wake. Kila jioni alikaa na kifuu chake cha kahawa ya majani, akamsimulia Dada habari za maghala na mizani, naye Dada akaitikia "ehe" huku akimenya vitunguu.

Hatimaye akatoa kitabu, kinene, ungeweza kumuulia mbwa. Tulijivuna nacho jamani! Tukakiweka ukumbini mahali pa heshima, chini ya televisheni, maana meza ilikuwa inayumba. Kila mgeni alionyeshwa. Kukifungua? Ng'o.

Sasa, mwaka jana kaka yetu Syahrizal alikuwa avishwe cheo cha Datuk, yaani mkuu wa ukoo. Nyati akachinjwa, nyama yake ikapikwa rendang kwa nazi na viungo mpaka macho yetu yakawa mekundu kwa moshi. Cheo hicho kilitoka kwa babu wa babu yetu, Datuk yule aliyewazuia Waholanzi darajani kwa panga moja. Kaka alitaka barabara ya sokoni iitwe kwa jina la shujaa huyo, na diwani alikuwa kaalikwa makusudi. Nani wa kumtolea ushahidi ila profesa wetu?

Zulbahri alipoombwa, alisita. Nilikuwepo, nilisikia kwa masikio yangu.

"Shemeji, kitabu changu umekisoma?"

"Nimekisoma!" Kaka akapiga kifua. "Nakijua chote."

"Na unataka niyaseme hayohayo, mbele ya watu?"

"Hayohayo. Usipunguze neno."

Zulbahri akamshika mkono, macho yamemlowa. "Sikujua wewe ni jasiri kiasi hiki," akasema. Kaka akadhani anasifiwa kwa ajili ya nyati.

Siku ikafika. Profesa akasimama, akakohoa, akasema: "Datuk huyu hakupigana darajani. Alikuwa msimamizi wa ghala la Waholanzi. Buni za babu zenu alizipima yeye, na mizani yake, nasikitika kusema, ilikuwa imechezewa. Siku ya vita alikutwa ndani ya ghala la mpunga, amevaa nguo za shangazi yake."

Lo! Vinywa vikabaki wazi na rendang ndani. Kisha mzee mmoja nyuma akapiga kelele, "Kumbe ndiyo maana hadi leo tunakunywa majani!" Basi watu wakacheka, diwani naye akacheka, akacheka mpaka akafunguliwa shati. Barabara ikafa palepale.

"Toka!" Kaka akanguruma. "Toka nyumba hii, umetutilia kitumbua mchanga!"

"Lakini ulisema nisipunguze neno."

"Shemeji," nikamwambia, "hivi akili zako uliziacha Uholanzi?"

Alimtazama Dada. Dada aliikazia macho sinia ya ndizi. Basi Zulbahri akachukua begi lake na mwavuli, akashuka ngazi, akaenda kwa dada yake ng'ambo ya mashamba.

Kwetu mume akitoka hivyo hawezi kurudi mwenyewe. Afuatwe na watu wa mkewe, la sivyo ndoa imekwisha. Miaka arobaini ya ndoa, na mzee wa watu analala chumba cha wapwa zake, anangoja asikie hatua uwanjani. Mimi nilikuwa na hasira ya nyati, nikasema angoje tu.

Kesho yake Dada akakichomoa kitabu chini ya televisheni, akavaa miwani, akaanza kusoma. Televisheni ikainama upande, tukawa tunatazama habari tumepinda shingo. Alisoma jikoni, alisoma akianika pilipili. Ukimsemesha anainua kidole: ngoja kwanza. Juma zima likapita hivyo.

Asubuhi moja akakifunga. "Haya yote alikuwa akinieleza kila jioni," akasema, "nami nikidhani ananipigia soga tu." Akajifuta macho kwa ncha ya kanga. "Andaeni tambuu. Kamleteni mume wangu, na ngoma, na mwavuli."

Kaka akaruka. "Kizee kile kiletwe kama bwana harusi? Katika nyumba hii haingii!"

"Nyumba ya nani, Syahrizal?"

Kaka akaanza kukuna kichwa.

"Wewe kwako ni kwa mkeo. Nenda kamfukuzie mtu huko, tuone utalala wapi."

Hapo hata mimi nilicheka, Mungu anisamehe. Na aliyebebeshwa bakuli la tambuu kichwani ni nani? Mimi, na magoti haya. Tukavuka mashamba, ngoma inalia, watoto wanatuzomea, "Bwana harusi kibogoyo!"

Tulimkuta barazani na kifuu chake cha kahawa. Begi lilikuwa miguuni, limefungwa. Dada yake alininong'oneza kwamba tangu afike hajalifungua.

"Mmetumwa na nani?" akauliza.

"Na mkeo, shemeji. Amesema nikwambie kitabu amekimaliza."

Akakiweka kifuu chini polepole. "Chote?"

"Chote. Mpaka yale maandishi madogo ya chini."

Nimewaona mawaziri wakimvisha nishani, na hakuwahi kulia. Siku hiyo alilia, kamasi na machozi, mbele ya watoto wa watu. Kisha akavuta pumzi, akaisafisha miwani kwa shati.

"Na amekionaje?"

"Kirefu, kasema."

"Ni kweli," akasema, "ni kirefu," akainuka kutafuta kofia yake.