Vivinjari Vitatu na Wifi Yangu

Wifi yangu alikuwa anapepeta mchele uani, mimi naokota mawe, akasema bila kuniangalia, "Wajane wa siku hizi wanajua sheria kuliko mahakimu."

Nilicheka kwa kukosa la kufanya. Mjane kwenye ua ule ni mmoja tu, mimi. Na asubuhi ileile nilikuwa nimejifungia chumbani nikaiuliza simu yangu, kwa kuandika, bila kutoa sauti: mjane akiolewa tena, nyumba ya marehemu inakuwa ya nani.

Nieleze mambo yalivyokuwa, na nijitahidi nisijipendelee. Tunaishi Mlabani, nyumba moja ya familia. Vyumba viwili vya upande wa barabarani alivijenga marehemu mume wangu. Vilivyobaki ni vya dada yake, huyo wifi, aliyerudi nyumbani baada ya ndoa yake kuvunjika. Kuna mwanamume wa Mkula, mgane, mwenye duka la pembejeo, alikuwa ameniposa, anangoja jibu. Sikuwa nimempa, na sikuwa nimemwambia mtu yeyote. Nilijua ukoo ukisikia kabla sijaamua, nitaambiwa nifungashe vyangu. Halafu pengine Mkula kwenyewe nisiende. Ningekosa huku na kule.

Kwa hiyo nilikuwa na swali moja tu kichwani: wifi kaambiwa na nani?

Nilianza kumshuku yeye mwenyewe. Simu yangu naifungua kwa kuchora mstari, na huwa nachora popote, hata mbele ya wateja wa mchele. Nikabadilisha mchoro. Nikawa naingia nayo bafuni, nimeiviringisha kwenye kanga. Haikusaidia. Tunachambua matembele, wifi akauliza, taratibu kabisa, "Hivi pale Mkula kuna duka la pembejeo?"

"Sijui," nikasema. "Kwa nini?"

"Aa, nauliza tu. Si watu wanalima?"

Jana yake nilikuwa nimelitafuta lile duka kwenye ramani ya simu, nilione paa lake.

Nikamshuku yule mwanamume, labda kajisifu kwa watu. Nikajishuku mimi, labda naongea usingizini. Nilifikiria hata mambo ya kienyeji, nikaona aibu nikaacha. Kumsingizia mtu ni kitu kibaya sana, na wifi yangu alinilisha miezi yote ya msiba. Lakini kila akishika simu yake nilikuwa namtazama vidole.

Redio ndiyo iliyonifungua macho, au ilinifumba zaidi, mpaka leo sina hakika. Kulikuwa na kipindi kuhusu vivinjari, yaani ile programu unayoingilia mtandaoni. Mtangazaji akasema viko vingi, na havitunzi siri sawasawa. Mimi elimu yangu ni ya darasa la saba. Nilikuwa nadhani mtandao ni mtandao tu, unabonyeza kile kialama kilichokuja na simu, basi. Sikujua kwamba hata mlango wa kuingilia mtu anachagua.

Nikaenda kwa fundi simu, karibu na stendi. Ni mtu mzima, ndiye aliyetuuzia simu mimi na wifi siku moja, tulipouza mpunga. Nikamwomba aniwekee vivinjari vingine, kisha aniambie kipi ni salama.

"Dada, salama kwa nani?" akauliza. "Unamwogopa mwizi, au unamwogopa mtu wa nyumbani?"

"Naogopa tu."

Akacheka. Akaniwekea viwili. Kimoja chepesi, cha kubana bando, akasema kila ukurasa unapita kwanza kwenye mitambo ya kampuni yenye kivinjari hicho, wanaukamua uwe mdogo, ndipo unakufikia wewe. "Ni kama mzigo umepitia kwa mtu wa kati, akaufungua, akaufunga upya. Bando linabaki, ila yeye kaona ulichoagiza." Cha pili ni cha siri, ukikifunga kinafuta kila kitu, na kinazuia matangazo yanayokufuata. Lakini baadhi ya kurasa kinazikataa.

"Na hiki cha zamani?"

"Hicho kwa wezi ni kikali. Kwa siri, mmh."

Hiyo "mmh" sikuipenda. Nilimtazama, akainamia simu ya mteja mwingine.

Marehemu mume wangu akipewa mbegu mpya ya mpunga hakubishana na aliyeileta. Alipanda hiyo kwenye jaruba moja, na ile ya zamani kwenye jaruba la jirani, maji yaleyale, palizi ileile, kisha akangoja. Nikaamua kufanya hivyo. Nilitafuta maswali matatu ambayo mimi hayanihusu, ili jibu likirudi nijue limetokea jaruba gani. Kwenye kivinjari cha zamani nikauliza jinsi ya kufuga bata mzinga. Kwenye chepesi, bei ya cherehani ya umeme. Kwenye cha siri, namna ya kujifunza gitaa. Vyote nilivitumia muda unaolingana, maana kuonea kitu si vizuri hata kama ni programu.

Cherehani zilirudi upesi. Nikifungua habari za mvua, cherehani. Nikisoma dawa ya viwavi, cherehani, tena nyekundu. Gitaa sikuliona popote. Lakini nilijiambia nisikimwagie sifa, kwa sababu mwizi asiyekamatwa bado anaweza kuwa mwizi. Cha zamani nacho nikipe haki yake: siku moja nilibonyeza ujumbe wa kazi za kupanga mchele madaraja, kikaufunga, kioo chote cha simu kikawa chekundu, kikasema huo ukurasa ni wa matapeli. Kile chepesi kilinipitisha bila hata kuniuliza. Hapo nikaelewa kidogo yale maneno ya fundi. Kuna mlinzi ambaye mwizi haingii kwake kamwe, lakini asubuhi anawasimulia majirani ulichopika.

Jioni tunakula, wifi akaweka tonge chini.

"Wifi, na wewe. Bata mzinga hapa Mlabani atakula nini?"

Nilipaliwa na mchicha. Akanipiga mgongoni, anacheka, na mimi nahesabu: sikuacha simu, sikuonyesha mchoro, sikuongea na mtu.

"Nani kakwambia habari za bata mzinga?"

"Simu."

"Simu gani?"

"Simu yangu. Sasa hivi inanishauri mambo ya ajabu ajabu. Juzi wajane, leo bata."

Sikuamini hata neno moja. Niliona ananidhihaki. Kesho yake nilikuwa kwa fundi kabla hajamaliza kufagia kibaraza.

Safari hii hakucheka. Alichukua simu yangu, akagusa hapa na pale, akakuna kichwa. "Dada, siku mliponunua simu mlikuwa mnawahi usafiri. Nilifungua akaunti moja, nikaiingiza kwenye simu zote mbili. Wengi nawafanyia hivyo, hawalalamiki."

"Maana yake nini?"

"Unachouliza kwenye kivinjari hicho, kumbukumbu inaenda kwenye akaunti. Yeye akianza kuandika, simu yake inamletea maswali yako. Si mchawi, si mwizi. Ni akaunti."

Nilitaka kumgombeza. Nilitaka pia kucheka, maana nilikuwa nimemwogopa mtu aliyekaa tu anaandika herufi ya kwanza. Nikamuuliza, ili niwe nimeuliza yote, "Nitajuaje swali ni la mtu mwingine?"

"Likiwa na alama ya saa pembeni, limeshawahi kuulizwa kwenye akaunti yako. Kama wewe hukuuliza, basi ni yeye."

Hapo ndipo nilipokaa kwenye benchi lake.

Kwa wiki kadhaa, kila nilipoandika herufi U kutafuta bei ya unga, simu ilikuwa inaniletea: uvimbe kwenye titi usiouma. Chini yake: uvimbe kwenye titi unaweza kuondoka wenyewe. Chini yake tena: dawa ya asili ya uvimbe. Niliona ni maswali ya watu wa dunia huko, nikawa nayapita. Nilifungua mbele ya fundi, nikatazama. Yote yalikuwa na saa pembeni.

Fundi akauliza, "Niitoe hiyo akaunti?"

"Subiri," nikasema.

Njiani nilibishana na nafsi yangu. Ningeweza kunyamaza, nikatenganisha simu, siri yangu ikapona, na yake ikabaki yake. Hakunipa yeye. Niliichukua bila kujua, na yeye yangu vivyo hivyo. Lakini sasa mimi nilikuwa najua kwamba najua, na yeye hajui. Huo si mzani sawa. Na pia nilishuku moyo wangu: je, namwendea kwa huruma, au nataka kumfunga mdomo kuhusu nyumba? Jibu kamili sikulipata. Nilienda hivyohivyo.

Nilimkuta anaanika mpunga.

"Wifi, huo uvimbe una muda gani?"

Alisimama na reki mkononi. "Nani kakwambia?"

"Aliyekuambia wewe habari za bata."

Nilimweleza akaunti, herufi, alama ya saa. Alisikiliza akiwa amekunja uso, kisha akasema, "Kwa hiyo ulikuwa unanipeleleza."

"Na wewe ulikuwa unanipeleleza."

"Mjane na nyumba, nani mwingine kama si wewe? Nilidhani umetumwa! Nilidhani kuna mtu anakuandikia maswali ili mnitoe humu ndani." Akashusha sauti. "Hivi unaolewa kweli?"

"Sijaamua. Na huo uvimbe?"

"Umekua."

Kwa fundi tulienda wote wawili, akatutenganisha mbele ya macho yetu. Wifi hakuridhika, akamwambia, "Rudia tena, nione." Akarudia. Kisha tukapanda bajaji kwenda hospitali. Njia nzima alikuwa amefunika kioo cha simu yake kwa kiganja upande niliokaa, nami yangu nilikuwa nimeikalia. Sikumlaumu.

Foleni ilikuwa ndefu. Tuliongea bei ya mpunga, tukairudia tena. Walipoita jina lake akasimama, akatengeneza kilemba, akanipa mkoba wake. Simu akabaki nayo.

"Mambo ya vile vyumba," akasema, "usiulize mtandao. Nisubiri hapa nitoke, uniulize mimi."

Akaingia, mlango ukafungwa. Nikahamia kiti cha karibu na mlango.