Pamba Ndani ya Darasa la Saba

Juzi nilipita kwa fundi magodoro pale Iringo, mjini Musoma, nikakutana na harufu ya pamba iliyolowa. Wapita njia wengine wala hawakugeuka. Mimi ilinipandisha hasira ya miaka mingi.

Nilikuwa darasa la sita, kijijini kwetu upande wa Bunda, enzi zile sabuni ilipatikana kwa bahati. Msimu ule pamba ilikubali kwelikweli. Mama alitukalisha mkekani kutenga nyeupe na yenye madoa, na ukichanganya unazabwa kofi. Ghala la chama cha ushirika lilipojaa, karani aliomba darasa letu kwa wiki mbili tu. Nasi, wajinga wa Mungu, tuliibeba vichwani huku tukiimba, tukaishindilia mpaka kwenye kenchi za paa. Ubao wetu, uliopakwa rangi ukutani, ukafunikwa nyuma ya pamba ya mama zetu.

Wiki mbili zikawa mwaka. Tukaingia darasa la saba tukisomea nje, tukihama na kivuli cha ukuta. Mwalimu Magesa aliandika hesabu mchangani kwa fimbo. Kuku wakipita, desimali zote zimekwenda. Mvua ikinyesha, tunarudishwa nyumbani.

Mama hakuvumilia, akamfuata karani.

"Shemeji, hawa watoto mwaka huu wana mtihani. Kila siku unasemaga mabehewa, mabehewa. Yako wapi?"

"Mama Nyangeta, usinionee. Kiwandani marobota yamejaa mpaka mlangoni, hawapokei pamba nyingine. Reli inaishia Mwanza, na huko nako mabehewa hayatoshi. Yakija tu, tunatoa."

"Na mtihani utayasubiri?"



Masika yalipofika, bati lilivuja na pamba ikalowa. Asubuhi moja tuliona miche ya kijani ikichungulia chini ya mlango: mbegu zilikuwa zimeota humo humo. Tulicheka mpaka tukakaa chini, tukaiita shamba la darasa la saba. Mama alipoiona hakucheka. Alichuma mche mmoja, akautazama, akaenda zake. Ile ilikuwa pamba aliyoichambua kwa mikono yake, chembe kwa chembe.

Tulifanya mtihani. Hakuchaguliwa hata mmoja kwenda sekondari. Kijijini wakasema darasa lile lilikuwa la vilaza, na mimi niliamini. Niliamini nikiuza dagaa Mwisenge, niliamini nikiwalea wanangu, wakiniletea daftari la hesabu nawaambia, "Kamuulizeni baba yenu, mimi sina kichwa."

Leo redioni wanazungumzia reli ya kutuunganisha na bandari za pwani. Wanasema mizigo itafika haraka. Vizuri, ije, ila nimeisikia ahadi hiyo tangu sijaota meno ya ukubwani. Hakuna anayetaja watoto. Asiyekuwepo na lake halipo, na sisi hatukuwepo popote mabehewa yalipokuwa yakigawanywa.

Wiki iliyopita mjukuu wangu alikwama kwenye desimali. Nilimwita uani, nikachukua kijiti, nikamwandikia mchangani kama Mwalimu Magesa. Nikapata jibu, la pili nalo nikapata, na la tatu.

"Bibi, kumbe una akili?"

Akili nilikuwa nayo siku zote. Nilichokosa ni behewa.