Kikaragosi Kilichopimwa kwa Mkono Wangu

Harufu ya godoro jipya hunitoa machozi. Juzi nilikuwa dukani huku Donholm, muuzaji akapasua nailoni, ile harufu ya sponji ikanipiga puani. Akadhani nalilia bei, akaanza kunipunguzia. Nilimwacha apunguze, kwani mimi ni mjinga? Lakini ninyi niwaambie ukweli: nilikuwa namlilia mama.

Mama alikuwa fundi wa cherehani kule Makadara, akishonea sare za shule kwenye kibanda cha mabati. Mimi nilikuwa na miaka tisa. Siku moja akaja mwanamke wa kipindi cha watoto cha televisheni, miwani ya jua kichwani, akitaka kikaragosi cha msichana, kile cha kuingizwa mkono ndani ili mdomo ufunguke na kufumbika. Wavulana walikuwa nao wawili tayari. Msichana hawakuwa naye. Angeitwa Pendo. Kikiwapendeza, mama angepewa kazi ya kuwashonea vikaragosi vyote, aachane na kukimbizana na sare kila Januari.

Alichukua mabaki ya sponji kwa watu wa magodoro, akachonga kichwa kwa wembe. Akachemsha soksi za kaki kwenye strungi nzito, chai isiyoonja maziwa, mpaka zikashika rangi ya ngozi yangu. Nywele zilikuwa uzi mweusi wa kufumia, akazisuka matuta. Kibanda kizima kilinuka sponji na majani ya chai.

"Leta mkono," aliniambia kila jioni. Naingiza, gumba chini, vidole vinne juu, yeye anabana pini. Kisha ananiketisha nyuma ya meza nimwinue Pendo mpaka bega life ganzi. Pendo wangu alianza kwa kusema, "Niaje, wasee!" Mama alicheka akashika mbavu, halafu akanikatiza.

"Hapana. Sema, hamjambo watoto wenzangu. Polepole. Na usimwangushe kichwa."

Nilidhani ni mchezo. Mama hakuwa mtu wa michezo, na hilo peke yake lingenishtua, lakini mtoto wa miaka tisa ana akili gani?

Siku ya kukipeleka ilikuwa siku ya shule, ila mama alinivalisha gauni la kanisa, akanipaka mafuta miguu ikang'aa. Huko studio tukampata jamaa wa kuchezesha vikaragosi, mtu mwenye mikono mipana ajabu. Akaingiza vidole, vikakwama kwenye vifundo. Akasukuma tena, mshono ukalia. Watu wakatazamana.

"Mama Nafula," yule madam wa miwani akauliza, akimwita kwa jina langu, "kwani ulimpima nani?"

"Nilimpima huyu," mama akasema, akinisukuma mbele kidogo. "Kwake kinatosha sawasawa."

Kisha akaniangalia. Sijawahi kuyaona yale macho tena. Nilidhani ni hofu tu, kazi imetuponyoka, na ni lazima mtu aseme kitu. Nilimpenda mama, jamani. Nikaficha mikono mgongoni, nikasema kwa kile Kiswahili safi alichonifundisha, "Mama alikosea vipimo. Atarekebisha."

Mama alivuta mkoba wake. "Ndiyo," akasema. "Nilikosea."

Akatoa wembe kwenye mkoba, akafumua mshono pale pale, akapachika kipande cha bitana. Mkono wa yule jamaa ukaingia. Madam alishukuru, akatusindikiza mpaka mlangoni, na hawakumwita mama tena.

Pendo alipoanza kuonekana tulikwenda kumtazama kwa jirani. Alikuwa na sauti ya mtu mzima aliyejibana koo. Mama alitazama kidogo tu, akasema ana nguo za kupiga pasi, akaondoka. Mimi nilibaki nikiwaringia watoto wenzangu kwamba yule ni wa kwetu.

Baadaye nikaugeuza mkasa ule kuwa kichekesho changu. Nikimkuta mama na futi ya kupimia shingoni, namchokoza, "Pima vizuri, isiwe kama Pendo." Anatabasamu, anaendelea na kazi. Shule niliachia kidato cha pili. Siku hizi nafua nguo za watu, na nimeshazoea.

Alipofariki, matangani nilipewa nafasi ya kusema machache, nikasimulia kichekesho hicho hicho. Watu walicheka vizuri. Mama Otieno, fundi mwenzake wa kibanda kimoja, hakucheka. Alingoja nikae, akaniinamia.

"Mamako alikuwa anakutazama tu ukipita, anakata sketi, inakukaa. Akosee mkono? Aliniambia, wao wakishindwa kuuingiza, itabidi wamchukue Nafula amchezeshe."

Nilimwomba arudie. Akarudia.

Tangu siku hiyo naiwaza ile "Ndiyo, nilikosea." Angeweza kuniambia ukweli tukirudi nyumbani, au mwaka wowote baada ya hapo, hata kwa kunikaripia tu ili nikome. Hakusema, maana angesema ningejua kwamba aliyenifungia mlango ni mimi mwenyewe. Akakubali kuwa fundi asiyejua kupima mbele ya mtoto wake. Nilimcheka mpaka kaburini, naye akaniacha nicheke. Sasa msamaha nimwombe nani?