Gurudumu la Devotha Juu ya Genge

Sisi tuliokulia Ijumbi, kule Muleba, enzi za madumu ya njano, tuliujua woga kabla ya kujua kusoma. Tuliogopa nyoka wa kijani kwenye migomba, tuliogopa fimbo ya mwalimu wa hesabu, na kuliko vyote tulimwogopa baba. Tata, kama tulivyomwita, akikohoa tu kule kibanjani, kwenye shamba la migomba, sisi jikoni tunaacha kutafuna. Watoto wa siku hizi wanaongea na baba zao wamevaa hedifoni masikioni, na mzee anasubiri zamu yake!

Lakini kilichotutetemesha sisi wasichana ni njia ya kwenda kuchota maji. Chemchemi ilikuwa chini ya genge la mawe, na mvua ikinyesha ule udongo mwekundu uliteleza kama sabuni. Asubuhi kabla ya shule tulishuka peku, kimya, kila mmoja akisikiliza pumzi za aliye mbele yake. Kahawa ilikuwa imechanua, harufu tamu imejaa kila mahali, lakini nani alikuwa na nafasi ya kuinusa?

Masika moja Adventina, rafiki wa dada yangu Devotha, aliteleza. Nakumbuka dumu likigonga mawe, kisha ukimya, kisha kilio. Aliumia nyonga, na shule kwake ikaishia hapo. Watu wazima walitoa pole, wakatuambia tuwe waangalifu. Kesho yake tukashuka tena.

Devotha alikuwa darasa la sita. Akaanza kuokota vitu: rimu kuukuu ya baiskeli nyuma ya ghala, nguzo za mkaratusi, kamba ya katani.

"Gurudumu likikaa juu ya genge, sisi tunavuta tu, dumu linapanda," aliniambia. "Usimwambie mtu."

Sikumwambia mtu, na hata senene, wale panzi watamu wa kwetu, sikuwagusa. Msichana kushika nyundo kwetu lilikuwa jambo la kutisha. Majirani wangesema atakosa mume, nasi tuliamini kukosa mume ni ugonjwa usio na dawa.

Jumamosi moja, tulipokuwa tumemaliza kusimamisha nguzo na kupitisha kamba kwenye rimu, nikasikia kile kikohozi. Tata alikuwa nyuma yetu, mama akimfuata.

"Nani amekupa rimu yangu?"

"Nimeiokota nyuma ya ghala, Tata," Devotha alijibu.

"Ng'oa hiyo takataka. Mtu akiangukiwa nitasema nini?"

Mama hakuwahi kumjibu mbele yetu. Siku hiyo alisema, taratibu kabisa, "Sawa, ing'olewe. Kesho maji utachota wewe."

Nilitamani ardhi inimeze. Tata akachukua dumu na kushuka mwenyewe, nadhani ili atuonyeshe kwamba ile njia si kitu. Tulimsikia akiteleza. Tulimsikia akilaani. Baadaye sauti ikapanda kutoka chini: alikuwa ameshafunga dumu kwenye kamba yetu.

"Haya, vuteni!"

Tukavuta. Gurudumu likalia kwi, kwi, dumu likapanda likiyumba. Lilipofika katikati, kamba ikaruka nje ya rimu. Tukasikia mshindo, na baada ya hapo hatukusikia kitu.

"Tata!" Devotha aliita. "Tata!"

Hakuna jibu. Mama alishika kichwa. Mimi nilijikojolea, nasema ukweli. Niliamini tumemuua baba yetu.

Hatimaye akatokea. Amelowa chapachapa, matope mpaka kwenye nyusi, kofia hana. Akampita mama, akampita Devotha, akasimama mbele ya gurudumu na kulizungusha kwa kidole.

"Limepinda," alisema. "Ndiyo maana kamba inatoka. Lete nyundo nilinyooshe."

"Nitalinyoosha mwenyewe, Tata."

Nikafumba macho nikisubiri kofi. Nilichosikia ni nyundo. Nilipofumbua, Tata alikuwa amechuchumaa, ameishika rimu kwa mikono miwili, na Devotha anagonga.

Kijiji kizima kilivuta maji pale mpaka bomba lilipofika. Adventina ndiye aliyekaa juu kupokea madumu na kupanga foleni, na hakuna mwanamume aliyethubutu kuiruka. Devotha leo ana karakana Rwamishenye, hapa Bukoba mjini. Anatengeneza mashine za kukoboa kahawa, na mafundi wake wengi ni wasichana.

Siku hizi mabinti wanahimizwa kila kona, shuleni, kanisani, redioni: buni, ongoza, anzisha biashara yako. Sisi hatukuhimizwa na mtu. Nikadhani basi woga umekwisha. Juzi asubuhi binti yangu, anayegombea uongozi wa wanafunzi sekondari, alikuja na simu mkononi. Mtu asiyejulikana alikuwa amesambaza picha yake na maneno machafu chini yake.

"Mama, nikisimama leo kuomba kura watacheka wote."

Nilizitamani enzi zile. Tuliyemwogopa tulimjua kwa jina, na aliweza kupanda kutoka bondeni amelowa, tukazungumza naye. Hawa anaowaogopa mwanangu hawana sura, na wanaingia naye mpaka chumbani.

"Watacheka," nilimwambia. Sikuwa na uongo wa kumpa.

Alinitazama. Akachomeka shati vizuri, akaacha simu mezani, akaenda shule.