Ishara Mbili za Soko

Peres Adhiambo alikuja Nairobi kutoka Siaya kumtafutia mdogo wake shule ya viziwi, naye mwenyewe akaishia kubaki. Lugha ya ishara alikuwa amejifunzia jikoni kwao, kwa kugombana na mdogo wake huyo juu ya nani aoshe vyombo. Mjini ikageuka kuwa kazi. Jumapili alikuwa mkalimani wa mahubiri katika kanisa moja la Ngong Road, siku nyingine hospitalini, mara harusini, ambako aliwahi kutafsiri hotuba ya mjomba mlevi bila kupunguza hata neno.

Kisha chuo kikuu kimoja katikati ya jiji kikamwajiri awe na Musili darasani. Musili alikuwa mwanafunzi wa uchumi, kiziwi, kijana mwembamba mwenye maswali mengi na subira kidogo.

Neno lililowasumbua kwanza ni soko. Ishara waliyoizoea ilimfanya mtu awaze vibanda na nyanya, na Daktari Karanja, mwalimu wao wa Jumatatu, hakuwa akizungumzia nyanya. Kwake, soko ni bei kupanda na kushuka mpaka wanaouza na wanaonunua wapatane, bila mtu kuwaamuru. Basi wakatunga ishara yao: viganja viwili vinapanda, vinashuka, halafu vinatulia sambamba. Ilifaa sana. Karanja akisema soko, viganja vinatulia, Musili anaitikia kwa kichwa, somo linasonga.

Muhula uliofuata akaja Daktari Omollo, mama mwenye sauti nene, kufundisha mikondo mbalimbali ya fikra za uchumi. Hakupoteza wakati.

"Soko likiachwa peke yake halijisawazishi," alisema. "Watu wanaweza kukosa kazi miaka nenda miaka rudi, na hakuna bei itakayoshuka iwaokoe."

Peres akatafsiri. Viganja vikapanda, vikashuka, vikatulia sambamba, ndipo akaongeza ishara ya kukana. Musili akainua mkono.

"Mwalimu anasema soko halitulii," akasema kwa ishara, "lakini mikono yako inalituliza kabla hajamaliza sentensi. Nimwamini nani?"

Peres alicheka kwa sauti, jambo ambalo mkalimani hafai kulifanya kazini. Omollo akakatiza somo. "Kuna nini?"

"Musili anasema mikono yangu iko upande wa Daktari Karanja."

Darasa zima likaangua kicheko. Omollo akasogea karibu, akaomba aonyeshwe ishara hiyo, kisha akaomba tena. "Haki ya Mungu, si mikono yako tu," akasema. "Hata nikilitamka kwa mdomo, hawa wote wanasikia soko la Karanja. Ndiye aliyewafikia kwanza."

Jumamosi Peres na Musili walikutana kwenye mkahawa wa Adams Arcade ili walishughulikie neno hilo upya. Haikuwa rahisi. Musili alitaka kiganja kimoja kikandamize kingine. Peres akakataa.

"Sasa tumehamia kwa Omollo. Tutafute ishara isiyo na upande."

"Siitaki hiyo," Musili akajibu, akagonga meza hadi chai ikamwagika. "Wao wenyewe hawana neno kama hilo. Nipe mbili, nijue ni nani anayesema."

Walibishana mpaka mhudumu akaja kuuliza kama wamekosana. Mwishowe Peres akakubali ziwe ishara mbili, moja kwa kila mwalimu, ingawa shingo upande.

Habari zikamfikia Karanja. Wiki ile ile aliingia darasani kwa Omollo, akaketi mbele na tai yake imenyooka.

"Nasikia mmenifanya mizani. Hebu nione." Akaitazama ishara, akakunja uso. "Hapana, mmenikosea. Soko langu halitulii hivyo. Linautafuta usawa, likikaribia linasukumwa tena. Mvua imekosekana, mafuta yamepanda. Mikono isimame kwa nini?"

"Basi tunakubaliana!" Omollo akasema.

"Hatukubaliani hata kidogo!"

Wakaanza. Huyu hajamaliza, yule amedakia, na Peres kati yao akirusha mikono, mara soko la huyu, mara la yule, jasho likimtoka.

"Wakubwa, mmoja mmoja tafadhali!" akapaza sauti. "Mikono ni hii miwili tu!"

Wanafunzi wakainua mikono na kuitikisa hewani, makofi ya viziwi kama Musili alivyowafundisha. Somo lilipitiliza saa yake na hakuna aliyetoka. Tangu siku hiyo walimu hao hulifundisha pamoja kila muhula, na hakuna aliyemshawishi mwenzake.

Jioni hiyo Peres na Musili walipokuwa wakishuka Moi Avenue, Musili akamsimamisha.

"Na wewe unaonaje?"

Peres alitaka kusema kwamba mkalimani hana maoni. Lakini mikono ikatangulia. Mdogo wake, akaeleza, alimaliza shule na sasa ni fundi wa nguo Kawangware. Alishusha bei ya kushona hadi ikawa aibu, na wateja bado wakaenda kwa fundi anayesikia. "Kwa hiyo mimi niko na Omollo."

"Hapo hata Omollo hajafika," Musili akasema. "Tatizo halikuwa bei, ni masikio. Hapo tunahitaji mwalimu wa tatu."

"Umeanza!"

Wakasogea kando ya duka lililofungwa, wapishe watu, wakaendelea kubishana. Wapita njia waligeuka kuwatazama, na Peres hata hakuwaona.