Kibao cha Mbwa Mkali

Mama Vifungo, fundi cherehani wa chumba cha mwisho uani, alikuwa amechoka kuulizwa alimfanya nini yule mbwa. Hakumfanya kitu. Alitoka kuanua nguo kambani, mbwa akamrukia, akamng'ata kiganja cha kulia na kuking'ang'ania mpaka majirani walipomtoa kwa mwiko na matusi. Sindano za kichaa cha mbwa alichomwa zote, na kidonda kilifunga. Kidole gumba ndicho kilichogoma kukunjika, na fundi asiyeweza kushika mkasi ni fundi wa jina tu.

Mbwa alikuwa wa dereva wa lori wa chumba cha mbele, mtu wa safari, anayemwacha mnyama wake bila kamba na kwa chakula cha kubahatisha. Alipofuatwa alisema mbwa yumo kwenye nyumba ya watu, aulizwe mwenye nyumba. Mwenye nyumba naye akasema yeye anapangisha vyumba, hapangishi mbwa. Basi mama wa watu akapigwa danadana, leo kwa huyu, kesho kwa yule, mkono ukiwa ndani ya bandeji. Kilichomkera zaidi ni upole wao. Kila mmoja alimpa pole, akamkaribisha kiti, kisha akamwelekeza mlango wa mwenzake.

Wateja wakaanza kuja kuchukua vitambaa vyao, wakiangalia pembeni kwa haya. Akaona sasa yatosha, akaenda kushitaki kwenye baraza la usuluhishi.

Siku ya shauri dereva alikuja na shati lililopigwa pasi. Mwenye nyumba alikuja na kibao. Ndiyo, kile cha bati cha getini, chenye maandishi mekundu MBWA MKALI. Alikifungua asubuhi kwa bisibisi, akakibeba kwapani kama mtu anayepeleka cheti cha mwanawe. Akakisimamisha mezani mbele ya mwenyekiti, mama mmoja wa miwani na subira nyingi, akaeleza kwamba yeye onyo alishatoa, na aliyelisoma akaingia ameingia kwa hiari yake.

Mama Vifungo alikuwa amejiahidi kutosema mpaka aulizwe. Ahadi ikamshinda.

"Mimi naishi mle, baba. Nisome kibao, halafu nikalale wapi?"

Watu wakacheka. Mwenyekiti hakucheka. Alimuuliza yule mzee mwenye nyumba, kwa sauti ya kawaida tu, kibao kile alikiweka lini na kwa nini. Mzee akaona mambo yanamnyookea, akamwaga yote kwa raha zake. Alikiweka mwaka jana, baada ya mbwa huyohuyo kumrarua muuza maziwa. Mchoraji alimwita mwenyewe, herufi alizisimamia mwenyewe, maana yeye ni mtu makini.

"Kwa hiyo ulijua anauma," mwenyekiti akasema. "Ukawaonya wapita njia, wapangaji wako ukawaacha naye uani."

Dereva akaanza kutabasamu, lakini alipoulizwa mbwa wake alifungwa wapi siku ile, tabasamu likaishia hapo. Uamuzi ukatoka: matibabu na kazi iliyopotea watavibeba wote wawili. Dereva kwa kuwa mbwa ni wake; mwenye nyumba kwa kuwa alijua, alikuwa na uwezo wa kumwambia amfunge au ahame, na akakaa kimya. Mbwa aondolewe siku hiyohiyo.

Mzee akanung'unika kwamba yote haya ni kwa ajili ya mkwaruzo.

Karatasi ya makubaliano ikaletwa. Wanaume wakatia sahihi harakaharaka. Mama Vifungo akashika kalamu, ikamponyoka. Akaishika tena, ikaanguka, ikabingirika mpaka kwenye kiatu cha mzee. Mzee akainama, akaiokota, akamrudishia, akabaki anautazama ule mkono ukijaribu kufunga na kushindwa. Hapo ndipo alipoinamisha kichwa.

Mwenyekiti akasogeza kidau cha wino. Mama Vifungo, aliyezoea kutunga uzi kwenye sindano huku anapiga soga bila hata kutazama, akaweka dole gumba la kushoto kama mtu asiyejua kuandika jina lake.